Mwaka Niliokusanya Landrova

Siku landrova ya baba ilipowaka tulikuwepo watu watano. Nilikuwepo mimi, Paulina, nikiwa na miaka kumi na minane, nimeshika hendeli ya kuzungushia injini. Alikuwepo fundi Aloisi, Mchaga wa Rombo mwenye gereji mjini Karatu, kichwa chake kimezama ndani ya boneti. Alikuwepo baba mdogo Bura, aliyevaa kofia yake ya kanisani na kuja mapema ili ashuhudie tukishindwa. Alikuwepo Mama Basilisa, jirani yetu wa upande wa chini, na sufuria ya uji ambayo hakuna aliyemwomba. Na alikuwepo Mzee Tluway, aliyesimama nje ya uzio wa minyaa, mikono nyuma, akakataa kuingia hata alipokaribishwa mara mbili. Daniel na Neema, wadogo zangu, hawakuwepo. Kila nilichofanya mwaka ule nilikifanya kwa ajili ya hao wawili ambao hawakuwepo.

Katika wale watano tumebaki wawili, mimi na Mama Basilisa, naye siku hizi hunitambua asubuhi na kunisahau mchana. Baba mdogo na fundi walitangulia zamani. Mzee Tluway tulimzika mwezi uliopita, siku ya mvua, udongo mwekundu ukitushika viatu. Tangu tulipotoka makaburini, mwaka ule umerudi nyumbani kwangu kama mgeni asiye na haraka ya kuondoka. Nikipika upo. Nikifunga milango upo. Daniel ameniambia kwa simu kwamba nikiandika nitapumzika, kwa hiyo naandika, ingawa shule niliiacha kidato cha pili na mkono wangu umezoea spana kuliko kalamu.

Sitaeleza jinsi wazazi wetu walivyokufa. Inatosha kwamba mama alitangulia na baba akamfuata kabla mwaka haujaisha, na kwamba baada ya matanga ya baba wakubwa wa ukoo walikaa sebuleni kwetu kuamua habari zetu. Mimi nilikuwa jikoni nachemsha chai, na kati ya jiko na sebule palikuwa na ukuta wa mbao usiofika juu, hivyo nilisikia yote. Mmoja alisema, "Huyu mkubwa ni msichana, ataolewa kesho keshokutwa." Mwingine akasema, "Nyumba ipangishwe. Walimu wapya wanatafuta nyumba." Shangazi Martina, aliyekuwa akipika katika bweni moja huko Wasso, alisema atawachukua Daniel na Neema. Mtu akauliza, "Na gari?" Baba mdogo Bura akajibu, "Gari gani? Lile ni banda la kuku lenye usukani," na wote wakacheka, kicheko cha watu waliochoka na msiba. Nikatoka jikoni na birika mkononi. Sikuwa nimewahi kusema neno mbele ya kikao cha wakubwa. Nikasema gari nitalitengeneza, nitabeba vitunguu kutoka Mang'ola na mazao ya majirani, na wadogo zangu watarudi wakae na mimi. Walicheka tena, isipokuwa shangazi. Aliniangalia, akaangalia birika mkononi mwangu, akasema, "Mpeni mpaka Krismasi. Likitembea, aje awachukue nalo mwenyewe. Lisipotembea, watoto ni wangu na nyumba mpangishe." Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Daniel alikuwa na miaka kumi na miwili, Neema mitano. Kesho yake alfajiri walipanda basi la Wasso, Neema akiwa amelala begani kwa shangazi, na hakuamka kuniaga.

Nyumba yenye vyumba vitatu ni kubwa sana kwa mtu mmoja. Kwa wiki nyingi nilisonga ugali wa watu wanne kwa sababu mkono haukujua kipimo kingine, kisha nikala kiporo chake siku mbili, baridi, nimesimama mlangoni. Nilianza kuacha redio ikizungumza hata wakati wa matangazo ya bei za mazao ya mikoa nisiyoijua. Kulikuwa na daftari la hesabu la Daniel juu ya kabati, swali moja limeachwa katikati, na nililifuta vumbi kila Jumamosi bila kulifunga. Watu wa kijiji walikuwa wema, lakini wema wao ulikuwa wa kupita. Waliniuliza habari wakiwa njiani, na mimi nikajibu nzuri nikiwa uani, na kati yetu palikuwa na uzio. Usiku nililala mapema. Mchana nilitazama gari.

Landrova ile ilikuwa ya aina ya zamani, ndefu, rangi ya majani makavu, bodi yake ya bati lisiloshika kutu. Baba aliinunua kuukuu kutoka shamba moja la kahawa na kubebea mazao mpaka alipougua. Ikakaa uani misimu miwili ya mvua. Kwa mbele ilikuwa na magurudumu yake, lakini kwa nyuma ilikuwa imepiga magoti juu ya mawe, maana ekseli ya nyuma, chuma kinachobeba magurudumu, haikuwepo pamoja na magurudumu yake. Wala betri haikuwepo, wala kabureta, wala mlango wa nyuma, wala kiti kirefu cha abiria. Havikuibwa. Katika miezi ya ugonjwa wa baba, aliyekuwa na haja alikuja, akaketi kwenye kitanda chake tulichokiweka sebuleni, akampa pole, na kabla ya kuaga akasema, "Naazima tu, mzee. Siku ukipona nakirudisha." Baba akajibu, "Chukua." Nilisikia maneno hayo mara nyingi kupitia ukuta ule wa mbao. Kwa hiyo nilijua, au nilidhani najua, kwamba gari la baba lilikuwa zima. Ila lilikuwa limetawanyika kijijini, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kulikusanya.

Kwetu mtu haendi nyumbani kwa mtu na kusema nipe kitu changu. Unabisha hodi, unaketi, unaulizwa habari za nyumbani hata kama mliachana jana, unakula kinacholetwa, unauliza habari za ng'ombe mmoja mmoja, na mpaka unapoinuka kuaga, mkono ukiwa tayari mlangoni, ndipo unasema, "Na kile kitu cha baba." Nilijifunza utaratibu huo kwa kuukosea. Kwa mtu wa betri nilisema mlangoni, kabla ya kuketi, naye akaniweka wiki tatu akisema betri ina chaji ya redio na taarifa ya habari haijaisha. Nilipofika kwa Mama Basilisa nilikuwa nimeerevuka. Nilikula makande yake sahani mbili kabla ya kutaja mlango wa nyuma, ambao aliufanya mlango wa banda la kuku.

"Mlango huo hapo, mwanangu," alisema. "Ni wa baba yako, sibishi. Ila kuku utawaambia wewe."

"Niwaambie nini, mama?"

"Kwamba wanahamia kwako. Maana kicheche wa bonde hili hangoji matanga yaishe."

Nikamtengenezea mlango wa mbao kwa muda wa siku mbili, naye akakaa kwenye kigoda akinielekeza na kunicheka jinsi nilivyoshika nyundo. Zilikuwa siku mbili nzuri. Kiti kirefu nilikikuta katika chumba cha kwaya. Akina mama wa sauti ya kwanza walikuwa wamekikalia na hawakuinuka haraka, mpaka mwalimu wao aliposema kuimba kwa kusimama ni bora kwa pumzi. Tulikibeba wanne, na njiani waliimba, na tulipofika walikitua uani wakaenda zao, na ukimya ulioachwa na wimbo ule ulikuwa mkubwa kuliko ule wa kabla.

Kabureta ilikuwa kwa fundi Aloisi. Nilikwenda gerejini kwake Karatu mjini, nikamkuta chini ya gari la watalii, miguu tu inaonekana. Nilisema shikamoo kwa viatu vyake.

"Marahaba. Sema shida, nina wateja wanasubiri kwenda kreta."

Nikasema mimi ni mtoto wa fulani, nimefuata kabureta. Viatu vilitulia. Akatoka, mfupi, ndevu zina oili, akanitazama kama anayetafuta mahali gari linapovuja. "Baba yako alinipa niisafishe," alisema. "Alipougua nikaifunga kwenye gari la mtu mwingine. Nilifanya vibaya. Nitakutafutia nyingine." Sikuwa nimewahi kusikia mwanamume mzima akisema hivyo bila kuzungukazunguka. Nikamweleza habari ya Krismasi. Nikamwambia sina cha kumlipa mpaka gari litembee.

"Jumapili sifanyi kazi," alisema. "Mungu hapendi, na mke wangu yuko Rombo hapendi pia. Lakini naweza kuja kutembelea watu. Na mimi nikitembelea watu siwezi kukaa bure, mikono inaniwasha."

Alikuja Jumapili iliyofuata baada ya misa, na kila Jumapili baada ya hapo. Alikuwa mtu wa kulalamika. Alilalamikia ugali wangu, akisema unafaa kuzibia rejeta inayovuja, na siku moja akaja na mkungu mzima wa ndizi begani ili nijifunze kupika chakula cha binadamu. Alilalamikia upepo wa Karatu, baridi ya Karatu, na jinsi sisi Wairaqw tunavyonyamaza. "Nyumbani kwetu," alisema, "mtu akikaa kimya hivi tunamwita daktari." Sasa ninapofikiri, naona alikuwa mpweke kama mimi, ana chumba kimoja nyuma ya gereji na picha ya watoto wanne ukutani. Lakini wakati ule nilijiona mpweke peke yangu duniani, kama vijana wanavyojiona.

Injini ilikuwa imekwama. Pistoni zilikuwa zimeshikana na silinda kwa kukaa. Fundi alitoa plagi zote nne, akamimina mafuta ya taa na oili kidogo katika kila tundu, akachomeka hendeli kwa mbele. "Kila siku asubuhi mimina kijiko kimoja kila tundu," alisema. "Kisha sukuma hendeli kwa mkono mmoja. Mmoja tu. Ukitumia miwili utavunja kitu ambacho mimi na wewe hatuna." Tangu Aprili mpaka mwisho wa Juni niliamka, nikawasha moto, nikamimina vijiko vinne, nikasukuma kwa mkono mmoja, na chuma hakikusogea hata unene wa unywele. Ukungu ulikuwa ukishuka kutoka msituni, nikawa sioni uzio, naona boneti tu na mkono wangu. Kuna asubuhi nililia. Kuna asubuhi nilitaka sana kutumia mikono miwili. Vijana waliopita kwenda kuchota maji waliniita Dereva. "Dereva, tupe lifti mpaka kisimani!" Nikawajibu gari limejaa. Siku moja mwanzoni mwa Julai hendeli ilizunguka kiasi cha upana wa kidole, ikaguna, ikasimama. Hapakuwa na mtu wa kumwambia. Nilikwenda nikaketi kwenye kile kiti kirefu, mikono magotini, mpaka jua likatoka.

Ilibaki ekseli. Nilikuwa nimeiacha ya mwisho kwa sababu ilikuwa kwa Mzee Tluway, na Mzee Tluway alikuwa na sifa yake. Ndiye aliyemfuata mtu kwa miguu mpaka Rhotia kudai jembe. Ndiye aliyesimama kanisani, baada ya matangazo, kuuliza ni nani aliyehama na kamba yake. Ekseli ya baba alikuwa ameifunga chini ya mkokoteni wa ng'ombe, na mkokoteni ule ndio uliobeba mahindi yao, kuni zao, maji yao, na vya majirani kwa ujira. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kwa vita. Mkewe, Mama Qamara, alinipokea, akaniketisha karibu na moto, akaleta ugali wa mtama na maziwa ya mgando. Chumba kilikuwa na giza na joto, ndama alikuwa akipumua nyuma ya kizuizi cha fito, na mzee alikula bila kusema, akinitazama juu ya bakuli. Niliuliza habari za ng'ombe wote. Niliinuka kuaga. Mkono ukiwa mlangoni nikasema, "Na ile ekseli ya baba, mzee. Ile uliyoazima."

Mama Qamara aliinua kichwa. "Lakini, baba Qamara, ile si..."

"Mama," mzee alisema, "ongeza kuni."

"Kuni zipo."

"Basi zichochee."

Akachochea. Mzee akapangusa mdomo. "Nani amekuambia niliazima?"

"Si wote walikuwa wakiazima, mzee? Nilisikia mwenyewe, nikiwa jikoni."

Akaweka bakuli chini, nami nikahesabu kwamba sasa vita vinaanza. Kisha akacheka kidogo kwa pua. "Kweli. Wote tulikuwa tukiazima." Akaniuliza wadogo zangu wanarudi lini. Nikasema Krismasi, gari likitembea. Akasema, "Keshokutwa uwepo nyumbani."

Alikuja na mkokoteni wenyewe, ng'ombe wawili mbele. Akausimamisha uani, akauinua kwa magogo, na kwa saa nzima akafungua nati zilizoshikwa na matope ya masika, akinikataza kusaidia. Alipomaliza, ekseli ilikuwa kwenye nyasi zetu na mkokoteni ulikuwa mbao tu. Akazibeba mbao zile begani kwenda kwake, safari nne. Safari ya mwisho aliwaswaga ng'ombe, nira ikining'inia, akasema, "Leo hawa wameachishwa kazi bila barua." Nilicheka. Nilikuwa nimeshinda, ndivyo nilivyoona, na niliona fahari kwamba mtu mgumu kuliko wote kijijini alilegea mbele yangu. Msimu ule wa mavuno nilimwona Mama Qamara akipita njiani na gunia mgongoni, kamba ya gunia imekaza kwenye paji la uso, akielekea mashineni, mwendo wa saa nzima. Nilimsalimia. Nilifikiri, watapata ekseli nyingine, mjini zipo.

Iliwaka Jumapili ya katikati ya Novemba. Nilizungusha hendeli mara kumi na moja. Mara ya tano baba mdogo alisema, "Mimi nina safari," lakini hakuondoka. Mara ya kumi na moja ikakohoa, ikatema moshi mweusi, ikashika. Mama Basilisa alipiga kigelegele na kumwaga uji. Fundi alisikiliza tu, kichwa upande, kama mtu anayesikiliza mtoto akisoma. Baba mdogo alivua kofia, akaivaa tena, akasema walimu watafutiwe nyumba nyingine. Nilipotazama uzio, Mzee Tluway alikuwa akitazama chini, kule nyuma ya gari, mahali ekseli ilipokuwa. Akaitikia kwa kichwa mara moja, akaenda zake.

Tulikwenda Wasso wiki moja kabla ya Krismasi, fundi akiendesha kwa sababu mimi sikuwa na leseni. Sikumbuki sana kwenda. Nakumbuka vumbi likiingia kwenye sakafu, nakumbuka tulilala njiani, Piyaya, kwenye boma la mfugaji mmoja aliyetupa maziwa na kuuliza bei ya gari, na fundi akamwambia, "Mwulize huyu binti, mimi ni mgeni wake." Nakumbuka kufika. Neema alikuwa akicheza nje ya jiko la bweni. Alinitazama, akaja, akainamisha kichwa nimguse, desturi ya watoto wa kule, akasema, "Shikamoo," kwa adabu, kama anavyomsalimia kila mtu mzima. Nikasema marahaba. Daniel alikuwa amerefuka. Shangazi alizunguka gari lote, akapiga bodi kwa kiganja, akasema, "Nilisema Krismasi kwa sababu nilidhani haiwezekani. Lakini neno ni neno." Alifunga nguo zao kwenye kitenge kimoja na akaingia jikoni kwake haraka, na Neema alilia kwa ajili yake mpaka alipolala.

Siku ya pili ya kurudi tulipanda ukingo wa kreta. Ukungu ulikuwa mzito, magari ya watalii yakitupita na taa zao. Neema alikuwa amelala mapajani mwangu, mzito na wa moto, na kwa mara ya kwanza tangu walipoondoka Januari nilipata hamu ya kuzungumza. Nikamsimulia Daniel yote: kuku wa Mama Basilisa, akina mama wa kwaya, betri na taarifa ya habari. Alicheka kila mahali. Nikamsimulia jinsi Mzee Tluway alivyorudisha ekseli aliyoazima.

Daniel hakucheka. "Lakini ile hakuazima, dada," alisema. "Baba alimpa, yeye akampa baba mtamba. Yule mwekundu mwenye doa kwenye paji. Mimi ndiye niliyemswaga kuja nyumbani. Wewe ulikuwa umekwenda mjini kufuata dawa."

"Una hakika?"

"Walishikana mikono. Baba alisema sasa tumemalizana."

Mtamba yule nilimjua. Niliporudi kutoka mjini nilimkuta zizini, na siku chache baadaye baba akafa, na watu walipoanza kuleta mahindi na maharage na sukari nilidhani mtamba naye ni mchango wa jirani. Tulimchinja kwa ajili ya matanga. Mimi ndiye niliyekoroga sufuria ile. Mimi ndiye niliyetenga maini ya wakubwa na kuwapelekea, na Mzee Tluway alikuwa mmoja wao, aliketi nao, akala, akasema nyama imeiva vizuri. Kisha miezi sita baadaye nikaenda kwake, nikanywa maziwa yake, nikamdai ekseli aliyoilipia. Angenijibu nini? Angemwambia mtoto wa marehemu kwamba nyama ya matanga ya baba yake ndiyo bei? Mtu aliyedai jembe mpaka Rhotia alishindwa kusema hilo.

Fundi alibadilisha gia. Nikaisikia ekseli ikiguna chini yetu kwenye mawe. Nilijua kwamba nikiwa mtu mwema nitairudisha wiki ile ile. Nilijua pia kwamba nikiirudisha gari litapiga magoti tena, sina cha kununulia nyingine, na hawa wawili watakuwa Wasso kabla ya mwaka mpya. Nilimfunika Neema vizuri. Daniel, ambaye alikuwa amejifunza kule ugenini kutazama nyuso za watu wazima, hakuniuliza.

Baada ya Krismasi nilikwenda. Mzee Tluway alikuwa nje akisuka kamba.

"Watoto wamefika?"

"Wamefika, mzee."

"Wanakula?"

"Wanakula. Mzee, ile ekseli hukuazima. Ulimpa baba mtamba."

"Nani kasema?"

"Daniel. Alimswaga mwenyewe."

"Mtoto anaswaga ng'ombe, hajui anaswagia nini. Baba yako alikuwa mgonjwa, nilimpelekea mtamba apate maziwa."

"Mtamba hana maziwa, mzee."

Kamba ilisimama. Akacheka mpaka akakohoa. "Hukumaliza kidato cha pili na unabishana kama mwanasheria." Kisha akaacha kucheka. "Niliazima. Nimerudisha. Ukija tena hapa na habari hiyo, usiketi."

Mama Qamara alikuwa mlangoni, amesikia yote. Alinisindikiza mpaka njiani, na nilipotaka kuanza kusema akanikatiza. "Wewe una kichwa kigumu na yeye ana kichwa kigumu," alisema. "Mgongo ni wangu." Akageuka.

Kazi ilikwenda. Nilipata leseni, nikabeba vitunguu, nikabeba mahindi, nikamsomesha Daniel mpaka alipotaka yeye mwenyewe kuacha, na Neema mpaka chuo cha uuguzi. Nilipopata ng'ombe wangu wa kwanza wa ziada nilimpelekea Mzee Tluway mtamba. Alimpokea kwa furaha kubwa, akamsifu, na mwezi uliofuata akaniletea mabeberu wawili na ndoo ya asali, vya thamani ile ile, akasema ni zawadi ya jirani kwa jirani. Nilijaribu tena, akafanya vile vile. Kila nilipomwona Mama Qamara njiani nilisimamisha gari. Hakupanda. Hata siku ya mvua ya mawe hakupanda. Alisogea pembeni ili nipite.

Mwezi uliopita, kabla hatujamteremsha mzee kaburini, msemaji wa ukoo aliuliza kama ilivyo desturi: anayemdai marehemu aseme, na anayedaiwa na marehemu aseme. Mvua ilikuwa ikinyesha juu ya miavuli. Nilikuwa na maneno yote tayari, nimekuwa nayo kwa miaka yote hii. Lakini yeye alisema aliazima, alisema hivyo mpaka mwisho, na mimi kusimama pale kungekuwa kumwita mwongo akiwa ndani ya sanduku. Nilinyamaza. Wakaendelea.

Jioni tulipanga foleni kumpa pole Mama Qamara. Alikuwa ameketi kwenye godoro chini, mdogo, shingo imeingia mabegani, mgongo umepinda kiasi kwamba alitutazama kwa kuinua macho tu. Zamu yangu ilipofika nilipiga magoti, nikamshika mkono, nikasema pole, mama. Hakuuachia.

"Minne," alisema.

"Nini, mama?"

"Misimu minne. Mpaka alipopata ekseli nyingine, nilibeba misimu minne."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja idadi ya watoto wake. Nyuma yangu watu walikuwa wakisubiri. Akauachia mkono wangu, akampa mkono aliyefuata.